Mlango wa Dereva

Rangi ilikwisha ukiwa umebaki mlango mmoja. Eusebio Treviño aliitikisa bunduki ya kupulizia, akaisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza saa mbovu, kisha akafunua kopo na kuchungulia ndani. Halikuwa na kitu. Mlango wa dereva ulikuwa unaning'inia kwenye waya katikati ya gereji, umeshapigwa puti na msasa, wa kijivu, unangoja.

"Ulisema makopo matatu yatatosha," alisema Lonnie Prewitt, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo karibu na mlango, soda mkononi.

"Yangetosha kama usingenisemesha kila dakika."

"Nisipokusemesha unaongea na gari. Nakusaidia majirani wasikuone mwehu."

Wazee hawa wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kiwanda cha Oldsmobile hapo hapo Lansing, Eusebio kwenye rangi, Lonnie kwenye injini. Gari lililokuwa mbele yao lilitoka kiwandani hapo mwaka 1970. Kila mtu wa umri wao mjini alilijua kwa jina la Nne-Nne-Mbili. Eusebio alikuwa na la namna hiyo akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, jipya, akalipoteza. Hili la sasa alilikuta kwenye ghala la mkulima, panya wamezalia kwenye viti, na kwa majira ya baridi matatu alikuwa akilifufua kipande kwa kipande. Injini aliifunga Lonnie. Viti alivishona Ofelia, mke wa Eusebio. Rangi hakukubali mtu mwingine aiguse.

Siku ileile alikwenda dukani kuongeza kopo la nne. Namba ya rangi alikuwa nayo kwenye pochi, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Aliisogeza karatasi karibu na pua, akamsomea muuzaji, na mahali penye nane akasema tatu. Muuzaji akachanganya alichoambiwa.

Alasiri mlango ukawa umekauka. Lonnie aliutazama, akautazama na ubavu wa gari, akasema amekumbuka ana miadi, akaondoka na soda haijaisha. Eusebio akaita kuelekea jikoni.

"Ofelia. Njoo uone."

Ofelia alikuja mikono imejaa unga wa mahindi, kwa kuwa alikuwa anakanda wa tamale za Jumapili, zile za kufungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Alisimama kizingitini. Gari lote lilikuwa buluu iliyokolea, kama bahari ya kwenye kalenda. Mlango ulikuwa na rangi ya maji ya bwawa. Halikuwa jambo la kuhitaji kukodoa macho. Hata mpita njia barabarani angeliona.

Akamtazama mumewe. Nyusi zimejaa vumbi la rangi, barakoa imemwachia alama nyekundu mashavuni, anatabasamu.

"Iko sawa?" aliuliza Eusebio.

"Iko sawa."

"Tazama vizuri. Hapa mwanga mbaya."

"Nimetazama, mzee. Iko sawa."

Alirudi jikoni, akafungua bomba, akasimama tu mbele ya sinki. Alijiambia atamwambia kesho. Kesho yake alimkuta ameshaufunga mlango mahali pake na amekaa ndani, mikono kwenye usukani, hajawasha injini, hana haraka yoyote. Akaahirisha. Wiki ya pili jambo lilikuwa limeshakuwa gumu kusema, na wiki ya tatu likawa halisemeki.

*

Mwezi wa saba kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani kwenye maegesho ya kanisa moja upande wa kusini wa mji. Magari sitini yalipangwa mistari, boneti juu, wenyewe wamekaa nyuma yake kwenye viti vya kukunja, wanakula soseji na kuwangoja wapitao waulize maswali. Eusebio alivaa shati lililopigwa pasi. Tangu asubuhi wanaume wanne waliowahi kufanya naye kazi kwenye chumba cha rangi walipita kumsalimu. Wote wanne waliisifia injini.

"La kwanza lilikwenda wapi?" aliuliza mama mmoja aliyekuja na mumewe.

Eusebio alinyoosha mkono kumwelekea Ofelia. "Mwulizeni huyu. Mwaka sabini na nne aliniambia nichague, yeye au gari. Nikachagua. Kila nikila pilipili zake najiuliza kama nilichagua vizuri."

Watu walicheka. Ofelia akatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu kila mara kisa hicho kiliposimuliwa, akaendelea kumenya chungwa.

Karibu saa sita alifika mmoja wa waamuzi, mwanamume wa makamo mwenye kofia nyeupe na karatasi zilizobanwa kwenye ubao. Alilizunguka gari polepole. Aliinama, akachungulia chini, akanyanyuka.

"Injini safi sana."

"Kazi ya rafiki yangu yule pale."

"Na rangi nani kakupigia?"

"Mwenyewe. Miaka thelathini na moja nilikuwa chumba cha rangi. Mengine haya yaliyopangwa hapa yalipita mikononi mwangu."

Mwamuzi aliutazama mlango, akamtazama Eusebio, akaurudia mlango. "Basi huu umeupata kwingine na rangi yake. Utaupuliza lini ufanane na wenzake?"

"Ufanane na nini?"

Mwamuzi alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaacha kucheka. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, ikawa ile ambayo watu huitumia wodini. "Labda ni jua. Jua la saa hizi linadanganya sana. Gari zuri, bwana. Hongera." Akaandika kitu haraka na kuhamia kwenye gari jekundu la jirani.

Eusebio aliusogelea mlango mpaka pua ikabaki shubiri moja kutoka kwenye bati. Akausogelea ubavu. Akarudi mlangoni. Kwake vyote vilikuwa kitu kimoja, buluu ya majivu, na kuuzunguka ule ukungu aliouzoea.

"Lonnie. Hebu njoo." Lonnie akaja. "Mlango huu na ubavu huu, rangi moja?"

"Mimi mtu wa injini, Sebio."

"Sikukuuliza kazi yako. Nimekuuliza rangi."

Lonnie alitazama viatu vyake. "Si moja."

"Zimepishana kidogo au sana?"

"Sana."

"Umejua lini?"

"Siku ileile."

Eusebio alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei akaikubali. Akawakumbuka wale wanaume wanne wa chumba cha rangi, jinsi kila mmoja alivyoinama kwenye injini na kuisifia bila kupumzika. Aligeuka kumtafuta mkewe. Ofelia alikuwa ameshasimama, anakunja viti.

*

Kurudi nyumbani Eusebio ndiye aliyeendesha. Kwenye makutano ya kwanza Ofelia alisema, "Nyekundu hiyo, mzee," kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Baadaye kidogo akasema, "Haya, kijani." Kwenye makutano ya pili akaanza tena, akajishika, akanyamaza. Eusebio akafunga breki hata hivyo, katikati ya barabara, na gari la nyuma likapiga honi.

"Unanisomea taa," alisema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nenda sasa, ni kijani."

Walifika nyumbani, wakaingia jikoni. Ofelia aliweka sufuria la maharage motoni. Eusebio akaketi mezani na shati lake la pasi.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Mara mbili, ndiyo."

"Ukanidanganya mara mbili."

"Nilikudanganya. Ulikuwa umefurahi, sikuweza."

"Nilikuwa narudisha magari kumi kwa siku kwa kasoro ambayo msimamizi mwenyewe haioni. Walikuwa wananiita kutoka mstari mwingine nije niamue. Leo nimesimama mbele ya watu kama sanamu shambani. Wananicheka."

"Hakuna aliyekucheka. Ingekuwa nafuu kama wangekucheka."

"Kwa hiyo unajua walichofanya."

"Najua. Ndicho nilichofanya mimi." Alipunguza moto chini ya sufuria, akageuka. "Na wewe nikuulize moja. Gari la kwanza aliliuza nani?"

Eusebio hakutegemea swali hilo. "Ule ni utani, Ofelia."

"Ni utani wa miaka thelathini na saba. Umeusema kwenye harusi ya Marisela. Umeusema siku tuliyomzika mama yangu, watu wako mezani wanakula. Leo umeusema kwa mwanamke ambaye sijamwona maishani, akanitazama kama mtu aliyemnyonga paka. Nataka kusikia leo, tukiwa wawili. Aliliuza nani?"

"Unajua hali ilivyokuwa."

"Naijua vizuri. Nilitoka kufua, nimebeba kapu, Marisela tumboni, nikakuta uani patupu. Nilidhani limeibwa. Nilikimbilia simu niwaite polisi, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa, ukasema, acha, nimeliuza. Nililia mimi. Wewe hukulia."

"Walikuwa wametupunguza kazini. Mafuta yamepanda. Ningelitia nini, maji?"

"Nilikwambia nitakwenda kufua mashuka hotelini mpaka wakurudishe. Ukasema mkeo hafulii watu. Sawa. Ukauza. Lakini wiki haijaisha nikasikia kwa jirani kwamba ni mimi sikulitaka."

"Ningewaambia nini? Kwamba nimeshindwa kulitunza gari langu?"

"Ndiyo. Ungewaambia hivyo. Wenzako wote walikuwa wameshindwa, nani angekucheka? Kama tungezoea kuambiana hivyo, mwezi wa tano ningekwambia rangi haiko sawa, nawe usingeanguka ukafa."

Maharage yalikuwa yanachemka. Eusebio aliipitisha kucha kwenye mstari wa kitambaa cha meza. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na mstari huo aliufuata kwa kidole kuliko kwa macho.

"Na macho?" aliuliza Ofelia, kwa upole zaidi.

"Macho ni uzee."

"Unaogopa ni kama ya baba yako."

"Usimwingize baba."

Baba yake, kule San Benito, Texas, alipofuka akiwa na miaka sitini na minne. Alikaa miaka sita kwenye kiti karibu na mlango, akiwauliza wapitao saa ngapi. Kamba ilifungwa kutoka kitandani kwake hadi chooni ili aifuate kwa mkono. Aliyeifunga kamba hiyo ni Eusebio, siku za likizo, na alipomaliza baba yake aliipapasa akasema imekaza vizuri. Jambo hili hakumwambia mtu isipokuwa Ofelia, mara moja tu, kabla hawajaoana.

Hakula maharage. Alikwenda kulala mapema, shati likiwa mwilini.

*

Kwa siku nne nyumba ilikuwa na sauti ya televisheni tu. Siku ya tano alipiga simu Marisela, binti yao, ambaye alikuwa msaidizi wa wauguzi huko Kalamazoo, akaomba azungumze na baba yake.

"Baba, nimekuchukulia miadi ya macho Alhamisi."

"Nani kakwambia nina shida?"

"Mwezi wa tisa leseni yako inakwisha. Watakuweka mbele ya ile mashine ya kupimia, na utashindwa mbele ya foleni nzima. Chagua ushindwe wapi, kwa daktari au kule."

"Mama yako kakufundisha kusema hivyo?"

"Mama kaniambia nisikubembeleze."

Alhamisi Lonnie ndiye aliyewapeleka. Daktari alikuwa mama mwembamba, mfupi, mwenye kusema haraka. Alimketisha Eusebio mbele ya ubao wa herufi. Eusebio aliisoma herufi ya juu kabisa, kubwa kama kiganja. Safu ya pili akabahatisha. Safu ya tatu akasema hapo hakuna kitu, wameacha nafasi.

Daktari hakumsahihisha. Akamtia dawa machoni, akammulika muda mrefu, jicho hili na lile.

"Unafanya kazi gani, bwana Treviño?"

"Nimestaafu. Nina gari nalitengeneza. Napiga rangi."

Daktari alimtazama Ofelia. Ofelia alitazama ukutani.

"Ni mtoto wa jicho," alisema daktari. "Macho yote mawili, na amekomaa. Tunakitoa kile kioo cha ndani kilichopata ukungu tunaweka kingine. Nusu saa hivi, unarudi nyumbani siku ileile. Jicho moja kwanza, la pili baada ya wiki tatu. Bima yenu ya kiwanda inalipia. Ulipaswa kuja miaka miwili iliyopita."

"Si ule ugonjwa wa kupofua?"

"Ukiachwa unapofua. Ndiyo maana hatuuachi."

Eusebio alipangusa dawa iliyokuwa inamtiririka shavuni. "Baba yangu alipofuka. Nilidhani ni wa kurithi, hauna dawa."

"Daktari wake alisema alikuwa na nini?"

"Hakwenda kwa daktari. Alikuwa mtu wa mashamba."

"Alianzaje? Ukungu? Taa zinatawanyika? Rangi zinafifia?"

"Alikuwa anasema ni kama kutazama kupitia karatasi iliyopakwa mafuta."

Daktari aliiweka chini kalamu. "Siwezi kusema kwa mtu nisiyempima," alisema, mara hii polepole. "Lakini huenda ilikuwa hii hii."

Nje, kwenye gari la Lonnie, Eusebio alikaa nyuma. Lonnie alitia ufunguo, akamwona kwenye kioo, akautoa. Waliketi hapo, wote watatu, madirisha yamefunguliwa, joto la alasiri likiingia. Ofelia alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma na kukaa karibu na mumewe.

"Miaka sita," alisema Eusebio. "Kwa kitu cha nusu saa."

"Hukujua."

"Nilimfungia kamba, Ofelia. Nikaona nimefanya kazi nzuri."

Ofelia hakumwambia kwamba ilikuwa kazi nzuri. Alimshika mkono tu, na baada ya muda Lonnie akawasha gari.

*

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji katikati ya mwezi wa nane. Alilala na ngao ya plastiki imebandikwa usoni, na asubuhi Ofelia akamsaidia kuibandua, taratibu, kama mtu anayemenya yai.

Kitu cha kwanza alichokiona ni chupa ya sabuni ya vyombo dirishani. Ilikuwa buluu kwa namna iliyomtisha. Alilifumba jicho jipya, akatazama kwa la zamani, na chupa ikarudi kuwa kama chai iliyomwagiwa maziwa. Akalifumbua. Buluu tena. Alifanya hivyo mara nyingi, Ofelia akimtazama.

"Gauni hilo ni la zambarau," alisema.

"Limekuwa la zambarau tangu ulipolinunua."

"Nilinunua la kijivu."

"Nilishangaa. Nilidhani umeanza kuwa na ladha."

Alicheka kidogo, ndipo akamtazama usoni, na akakaa kumtazama. Ofelia alijifuta paji la uso, kisha nywele, akageukia jiko. "Usianze kuhesabu mikunjo, uji unaungua," alisema.

Alikwenda gereji peke yake. Ofelia alimwacha robo saa, kisha akamfuata na kikombe cha kahawa. Alimkuta ameketi juu ya ndoo ya Lonnie. Mlango mkubwa wa gereji ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye magurudumu. Mlango wa dereva alikuwa hautazami tena, alikuwa ameshamalizana nao. Alikuwa anatazama boneti, mahali rangi ilipotiririka ikakauka kama jasho. Paa lilikuwa na vumbi chini ya rangi, na ubavu wa nyuma umepigwa mkono mzito hapa, mwepesi pale.

"Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeletewa hili angefukuzwa," alisema.

"Ndiyo," alisema Ofelia. "Ni baya kiasi hicho."

Alipokea kahawa. "Na rangi yenyewe. Ya lile gari la kwanza ilikuwa hivi? Mimi sasa sijui nikumbuke kwa jicho lipi."

Ofelia alilizunguka gari mpaka mbele, akasimama na mikono kiunoni, akafikiri kweli kweli.

"Hapana. Ile ilikuwa nyepesi, ina ukijani kwa mbali. Hii imekolea mno."

"Namba niliipata kwenye kitabu."

"Basi hukuipata sawasawa. Nililala ndani ya lile gari siku mbili tulipokwenda kuwaona wazazi wako. Rangi yake naijua."

Kwa hiyo halikuwa kosa la mlango mmoja. Ili lifanane na lile la kwanza ingebidi akwangue kila kitu mpaka kwenye bati na kuanza upya, majira mengine ya baridi, pengine mawili. Aliiona kazi yote hiyo kwa mara moja, msasa kwa msasa. Aliinywa kahawa mpaka mwisho.

"Nitaurudia mlango," alisema. "Ufanane na hii iliyopo. Mengine yatakaa yalivyo."

"Na mitiririko ya kwenye boneti?"

"Itakaa. Ndivyo nilivyokuwa naona."

Lonnie alifika mchana. Alisimama mbali na mlango wa gereji kama mtu anayedaiwa, mpaka Eusebio akamwambia aingie, ndoo ni yake.

"Ungeniambia," alisema Eusebio.

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unaupangusa kwa kitambaa cha hariri." Lonnie aliketi. "Nilikuwa mwoga, Sebio. Basi."

"Sawa. Na mimi nina langu. Lile gari la kwanza nililiuza mwenyewe. Ofelia hakutaka liuzwe. Alilia."

Lonnie alimtazama Ofelia aliyekuwa anakusanya vikombe, akamrudia rafiki yake. "Miaka yote hii namwonea huruma mtu mwenye kosa," alisema. "Yaani wewe. Nilidhani wewe ndiye huna kosa."

"Usipunguze huruma," alisema Ofelia. "Bado anaishi na mimi."

*

Safari hii walikwenda duka la rangi wote wawili. Eusebio alisoma namba kutoka kwenye kopo la kwanza, Ofelia akaisoma baada yake, ndipo muuzaji akachanganya. Kwa mlango huo mmoja alitumia wiki nzima. Aliukwangua mpaka mwisho, akaupiga msasa mkavu, wa maji, akaupuliza tabaka jembamba, akangoja, akaongeza lingine. Alipoufunga mahali pake uliketi kwenye ubavu wa gari pasiwe na mtu wa kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Kati ya kazi zote za gari hilo ndiyo pekee iliyokuwa ya kiwango chake cha zamani, na kwa ajili hiyo ubaya wa sehemu zilizobaki ukaonekana zaidi. Alilijua hilo. Hakulisema, wala Ofelia hakulisema, kwa kuwa hakuulizwa.

Daktari alikuwa amemkataza kuendesha mpaka jicho la pili lipone. Jumapili baada ya misa Ofelia alibadili viatu, akachukua funguo kwenye msumari, akaingia upande wa usukani.

"Hiyo ni gia ya mkono," alisema Eusebio kutoka nje. "Klachi yake nzito."

"Panda."

"Hujawahi kuliendesha."

"Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa naendesha lori la viazi vya kutengenezea sukari, baba anapakia nyuma. Miguu ilikuwa haifiki, nasimama. Panda, mzee."

Akapanda. Ofelia alirudi nyuma mpaka barabarani bila kukwaruza kitu, akatia ya kwanza, ya pili, na injini ya Lonnie ikaunguruma mpaka jirani mmoja akainua mkono kwenye bustani yake. Walitoka mjini kuelekea kaskazini, ambako barabara inanyooka katikati ya mashamba ya mahindi. Eusebio alikuwa amejiandaa kusema apunguze mwendo. Badala yake alishusha kioo, akalifumba jicho la kushoto, akaanza kusoma mabango.

"Tairi mpya na za mtumba," alisema.

Ofelia alitia gia ya nne.

"Mayai ya kienyeji. Piga honi mara moja." Shamba lilipita, kisha kanisa dogo la mbao. "Ibada saa nne. Wote mnakaribishwa." Alisoma bila kupandisha sauti, bango baada ya bango, kama mtu anayeita majina darasani. Alisoma kibao cha nyumba inayouzwa pamoja na namba zote za simu. Alisoma umbali wa kufika mji wa St. Johns. Kwa mbali, ubavuni mwa ghala kubwa jekundu, yalikuwako maneno meupe yaliyopakwa kwa mkono, na aliyaanza mapema kabla hayajakaribia.

"Schaeffer na Wanawe. Mbegu na mbolea."

"Umekosea," alisema Ofelia. "Schaeffer na Bintize."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aligeuka atazame tena, lakini ghala lilikuwa limeshabaki nyuma.

"Bintize," alisema, akalitafuta bango linalofuata.